Shilingi hamsini ya maji: wabunge walikubali, Hazina ikakataa

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na wengi wetu huishia kwenye namba moja tu: lita ya petroli imefika ngapi. Ndani ya lita hiyo, iwe ya petroli au ya dizeli, kuna shilingi 50 za maji. Ziliingia kwenye bajeti ya 2015/16, ushuru wa mafuta ulipopandishwa kutoka shilingi 263 hadi 313 kwa lita na nyongeza hiyo ikaelekezwa kwenye mfuko wa maji. Dereva wa bodaboda Namtumbo anazilipa, mwenye lori Tunduma anazilipa, na karibu hakuna anayejua kwamba anazilipa.

Kisa ninachokichambua ni cha miaka iliyofuata, wabunge walipotaka shilingi 50 hizo ziwe 100. Wakati huohuo walikuwa na ombi la pili: uundwe wakala wa maji vijijini. Maombi mawili, Bunge lilelile, hoja karibu zilezile. La wakala lilipita. La fedha lilikwama, na miaka michache baadaye tukaona sekta nyingine zikiichukua lita hiyohiyo ya mafuta bila jasho jingi.

Nawaandikia wahandisi wa maji, watu wa mamlaka, wa bodi za mabonde na wanaosimamia jumuiya za watumia maji. Kwenye warsha zetu kuna malalamiko yasiyoisha kwamba wanasiasa hawatuelewi. Katika kisa hiki walituelewa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kingine.

Mfuko uliokaa miaka sita bila chanzo chake

Sera ya Maji ya 2002 ilieleza wazi mwananchi wa kijijini anastahili nini: lita 25 kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji ikaanza 2006/07, na ndani yake ile miradi ya vijiji kumi kwa kila halmashauri ambayo wengi wetu tuliisimamia au tulirithi magofu yake. Mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, na ndani yake ukaanzishwa mfuko wa taifa wa uwekezaji wa maji.

Mfuko ulikuwa na kifungu lakini haukuwa na tozo yake. Ulitegemea kile ambacho Hazina ingeutengea, na mtu yeyote aliyewahi kusubiri fedha za maendeleo za robo ya tatu anajua maana yake. Hapa ndipo wataalamu tulipotakiwa kupiga kelele, mwaka 2009 sheria ikiwa bado ni muswada. Mfuko unaoundwa kisheria bila kuandikiwa chanzo hauna nguvu kuliko kasma ya kawaida ya bajeti, ila una jina zuri zaidi.

Wabunge waliligundua tatizo kwa njia yao. Mwaka 2013 waliibana bajeti ya Wizara ya Maji mpaka Serikali ikarudi mezani na kuongeza fedha. Mwaka huohuo, tozo ya shilingi 50 kwa lita ya mafuta iliwekwa kwa ajili ya umeme vijijini, na 2015 ikapandishwa hadi 100. REA, wakala wa nishati vijijini, ikaanza kuonekana. Nguzo zilifika mahali ambako gari la Wizara ya Maji lilikuwa halijafika tangu upembuzi yakinifu. Kuanzia hapo, kila mchango wa bungeni kuhusu maji ulikuwa na sentensi inayofanana: mbona umeme unakwenda, maji yanashindwa nini?

Swali hilo ndilo lililozaa maombi yote mawili. REA ina tozo kubwa kuliko ya maji, basi maji nayo yapewe 100. REA ni wakala wenye mamlaka yake, basi maji nayo yapewe wakala.

Mwaka 2017

Kufikia Machi 2017, Wizara ilikuwa imepokea chini ya robo ya fedha za maendeleo zilizoidhinishwa kwa mwaka 2016/17. Miezi tisa imeshapita, wakandarasi wana hati za malipo mezani, mabomba yanapigwa na jua kando ya mitaro. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Kilimo, Mifugo na Maji ilikuwa na hoja nzuri mno: fedha za mfuko zimewekewa uzio, yaani haziwezi kutumika kwa kingine, na zinatoka kwenye chanzo kinachojulikana, za Mfuko Mkuu wa Serikali zinakwenda kwa kubahatisha, kwa hiyo panueni kile kinacholeta. Wabunge wa chama tawala na wa upinzani waliisema kwa maneno yanayokaribiana, jambo ambalo katika Bunge lile halikuwa la kawaida. Wengine walitishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kumzuilia bajeti mpaka atoe majibu.

Jibu la Serikali lilikuwa mfumuko wa bei. Mafuta yakipanda nauli zinapanda, nauli zikipanda kila kitu kinapanda.

Kisha ikaja hotuba ya bajeti kuu mwezi Juni. Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile ya kubandika stika kwenye kioo, na kuifidia kwa kuongeza ushuru wa bidhaa wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bunge lilishangilia. Petroli ikatoka shilingi 339 hadi 379 kwenye ushuru huo pekee.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Lita ya mafuta, iliyokuwa haiwezi kubeba shilingi 50 za maji bila kuumiza wananchi, ilibeba 40 za Mfuko Mkuu wiki chache baadaye. Simlaumu Mpango. Kwa nafasi yake alifanya biashara nzuri: alifuta kero inayoonekana, akaweka mzigo usioonekana, na fedha zikabaki mikononi mwake. Uzio ndio aliokuwa akiukataa. Hazina yoyote duniani haipendi fedha ambazo tayari zina mwenyewe kabla hazijaingia.

Hoja ya mfumuko wa bei ilijibika, na ilijibika na mtaalamu wa maji kwa sababu kukokotoa ni kazi yake ya kila siku. Chukua lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Tuseme linatumia lita 500 za dizeli kwa safari. Nyongeza ya shilingi 50 kwa lita ni shilingi 25,000. Likiwa limebeba tani 30 za saruji au unga, nyongeza kwa kilo haifiki shilingi moja. Dereva wa bodaboda anayemaliza lita nne kwa siku anaongezewa shilingi 200. Anayenunua maji ya mchuuzi nyumbani kwake anajua mwenyewe shilingi 200 inampa kiasi gani cha ndoo. Upande wa pili wa hesabu, kila lita bilioni moja inayouzwa nchini inaleta shilingi bilioni 50. Karatasi kama hii ingekuwa na thamani kuliko hotuba kumi kuhusu akina mama na ndoo kichwani, maana Waziri wa Fedha hawezi kubishana na ndoo, lakini pia ndoo haimlazimishi kujibu.

Kalamu iko wapi

Hata hivyo karatasi bora ingefika mahali pasipo sahihi. Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halitashughulikia jambo la kuweka kodi au kuibadilisha kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza, mpaka Rais awe amependekeza na pendekezo hilo limewasilishwa na Waziri. Kwa lugha ya mtaani, mbunge anaweza kupunguza tozo, kuikemea, kuiombea dua, lakini hawezi kuiongeza. Na akiamua kukataa bajeti nzima ili alazimishe, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Ni wabunge wangapi wako tayari kurudi jimboni kuomba kura mwaka wa pili kwa ajili ya shilingi 50?

Kwa hiyo Mei, siku bajeti ya Wizara ya Maji inapojadiliwa Dodoma, mchezo wa tozo umeshakwisha. Mapendekezo ya kodi hukusanywa na Wizara ya Fedha miezi mingi kabla, kupitia kikosi kazi cha maboresho ya kodi ambacho kila mwaka hualika wadau walete maoni. Watu wa saruji hupeleka. Wa bia hupeleka. Wa mafuta ya kula, wa simu, wa magari yaliyotumika, wote wana mtu anayelipwa kuandika andiko lenye kifungu kinachotakiwa kubadilishwa, mapato yatakayopatikana na athari kwa bei. Sekta ya maji ina watu wengi wenye uwezo wa kuandika andiko hilo kuliko sekta ya bia. Tulitumia nguvu zetu kuwashawishi watu waliokuwa wameshashawishika, mwezi ambao hawakuwa na la kufanya.

Sisemi wabunge hawana maana katika jambo la fedha. Wana maana Novemba, wanapojadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata, na mwongozo wa bajeti unapopangwa. Wana maana kwenye Kamati ya Bajeti, ambayo hukaa na Hazina na kubadilishana hoja kabla ya Muswada wa Fedha kupita. Mbunge anayesimama Mei na kusema “tunataka 100” anasikika redioni. Anayemuuliza Waziri wa Fedha Novemba “pendekezo la tozo ya maji lilifika kwenye kikosi kazi, mmelijibu nini?” ana kitu mkononi. Lakini hawezi kuuliza hivyo kama hakuna aliyelipeleka.

Wakala ulipitaje

Ombi la pili halikuhitaji kodi mpya, na hiyo ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine inafurahisha zaidi.

Kabla ya 2019, mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa mtumishi wa halmashauri. Bosi wake alikuwa mkurugenzi, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Fedha na miongozo ya kitaalamu vilitoka Wizara ya Maji. Mradi ukiharibika, Wizara iliulizwa bungeni lakini haikuwa na mtu wa kumwajibisha. Halmashauri ilikuwa na mtu lakini haikuulizwa. Gari la idara ya maji lilikuwa gari la halmashauri, na kila aliyefanya kazi huko anakumbuka asubuhi alizofika ofisini akakuta limekwenda kwenye mwenge au mazishi. Wahandisi walilijua hili kwa undani, na safari hii walilieleza kwa namna ambayo mbunge angeweza kuibeba: nani anaajiri, nani analipa, nani anaulizwa, na kwa nini hao watatu si mtu mmoja.

Takwimu zilisaidia pia. WaterAid ilianza kuchora ramani za vituo vya maji katika baadhi ya wilaya katikati ya miaka ya 2000, baadaye Wizara ikafanya hivyo nchi nzima, na ikaonekana kwamba zaidi ya theluthi moja ya vituo vya vijijini havikuwa vikitoa maji. Takwimu hii ilifanya kazi ambayo asilimia za upatikanaji hazikuweza. Miaka mingi Wizara ilikuwa ikieleza upatikanaji kwa kuzidisha idadi ya vituo kwa watu 250, na mbunge aliyetoka jimboni juzi akiwa ameonyeshwa pampu tatu zilizokufa alikuwa akiangua kicheko ukumbini. Kila asilimia iliyotangazwa bila kupunguzwa vituo vibovu ilitugharimu imani. Tulipokubali kusema “tumejenga, na sehemu kubwa haifanyi kazi”, ndipo tulipoaminiwa tuliposema tunajua sababu.

Serikali nayo ilikuwa na sababu zake za kutaka. Rais Magufuli alikuwa ameudhika hadharani na miradi iliyolipwa na haitoi maji. Juni 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 350 kwa mpango wa maji na usafi wa mazingira vijijini unaolipa kwa matokeo, na kulipwa kwa matokeo kunahitaji mtu mmoja anayewajibika kwa matokeo hayo. Mapema 2019 Bunge likapitisha Sheria Namba 5, Waziri akiwa Prof. Makame Mbarawa, na Julai 1 RUWASA, wakala wa maji vijijini uliokuwa ukiombwa, ikaanza kazi. Sheria hiyohiyo ikaupanga upya Mfuko wa Taifa wa Maji. Tozo ikabaki 50.

Aliyepoteza alikuwa halmashauri, na hapa nina shaka zangu ambazo sekta haipendi kuzizungumza. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la wilaya yake. Mhandisi wa zamani, pamoja na shida zote za gari, alikaa kwenye baraza lile kama mtu wa nyumbani na alihojiwa na mbunge na madiwani uso kwa uso. Meneja wa RUWASA wa leo huja kama mwalikwa. Tulijiondoa kwa hiari kwenye meza pekee ambayo mtaalamu na mtunga sheria wanakutana kihalali kila robo mwaka, bila posho ya warsha na bila barua ya kuomba miadi. Wilaya ambako meneja anahudhuria kila baraza na ripoti yake iliyochapwa, mbunge wake anachangia bungeni kwa namba. Wilaya nyingine anachangia kwa hasira.

Barabara walifanyaje

Juni 2021, Dk. Mwigulu Nchemba akasoma bajeti na kuongeza shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini chini ya TARURA, wakala wa barabara hizo. Mara mbili ya kile ambacho maji yalikiomba na kunyimwa. Juni 2023 zikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Hoja ya mfumuko wa bei haikufa, ila ilishindwa na kitu.

Kwa TARURA kitu hicho naamini kilikuwa mgao. Fedha zile zilizungumzwa kwa hesabu ya jimbo, kila mbunge akijua fungu lake kabla hajapiga kura, akaweza kutaja barabara tatu atakazozikarabati. Sisi tulikwenda na mahitaji ya taifa hadi 2025, matrilioni yasiyo na anuani. Mbunge wa Nkasi au Kilindi afanye nini na trilioni?

Ningekuwa na nafasi ya kuandaa karatasi moja ya jimbo, ingekuwa hivi. Juu, jina la jimbo na kata zake. Chini yake, vituo visivyotoa maji kata kwa kata, na mbele ya kila kimoja sababu kwa maneno ya kawaida: mota imeungua, kisima kimekauka, jumuiya haina fedha za dizeli, bomba limekatwa na greda. Sababu ni muhimu kwa sababu mota inahitaji milioni chache na kisima kilichokauka kinahitaji utafiti wa chanzo kipya. Mbunge asipojua tofauti ataahidi vyote kwa mwezi mmoja. Kisha safu mbili: kilichoidhinishwa mwaka huu, kilichopokelewa mpaka leo. Mwisho, mstari mmoja: shilingi 50 zikiongezwa, na mgao ukifuata idadi ya vituo vibovu, jimbo hili lingepata kiasi hiki na vituo hivi vingerudi. Ukurasa mmoja. Ukiwa wa pili hausomwi, utabaki kwenye kiti cha gari.

Kuna atakayesema mtumishi wa umma hawezi kupeleka karatasi kama hiyo kwa mbunge, na ni kweli kwamba meneja wa wilaya hawezi kwenda kumwambia mbunge kuwa Wizara yake imeomba kidogo. Lakini data ya vituo ni ya umma na ripoti ya baraza ni kazi yake. Mstari wa mwisho, ule wa kuomba, unaweza kuandikwa na wasiofungwa na ajira ya Wizara: ATAWAS, jumuiya ya mamlaka za maji, TAWASANET, mtandao wa asasi za maji, Taasisi ya Wahandisi, walimu wa Chuo cha Maji Ubungo, na wastaafu. Wastaafu hasa. Mhandisi wa mkoa aliyestaafu, anayeijua kila skimu kwa jina la fundi aliyeijenga na haogopi uhamisho, ni mtetezi ambaye sekta hii inamwacha akifuga kuku.

Na kama kuna wanaofikiria kuliamsha tena ombi la 100, waangalie kwanza lita yenyewe. Bajaji na teksi za Dar es Salaam zinahamia kwenye gesi asilia, na foleni za vituo vya gesi tunaziona. Gari la gesi halilipi shilingi 50 ya maji, na la umeme halitalipa. Tozo iliyofungwa kwenye petroli na dizeli itapungua magari yakizidi kuhama, iwe imeongezwa au haikuongezwa. Andiko la kwenda kwenye kikosi kazi safari hii lingetakiwa lianze na kilo ya gesi.